Kome wa Mama

Maabara ya Bahari,
S.L.P. 41.
9 Agosti

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo huko? Shemeji naye hajambo? Natumaini kile kikohozi kimekuachia na sasa unalala. Sisi huku ni wazima wa mwili, mvua imepungua na nguo zinakauka. Ila Mama hayuko sawa. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu huwa kaniganda ubavuni, anasikiliza.

Kazi yangu ni ile ile ya kupima matope. Majirani wananiita Dada Tope, nami naitika. Mwezi uliopita tulipima madini mazito kwenye kome wa bandarini, wale wa magamba wanaojifukia chini ya maji. Tulihitaji kome safi wa kulinganisha nao, basi kwa kujiamini kwangu nikachota bakuli moja kutoka ndoo ya Mama. Unamjua, hanunui. Huwachimba mwenyewe kwenye mkondo nyuma ya nyumba na kuwasugua kama sufuria za wageni.

Kome wa bandarini walikutwa na madini ya risasi kidogo. Wa Mama walikuwa nayo mengi mno kuwapita hao. Mkuu wangu akacheka. "Wewe leo umechanganya lebo. Hebu rudia." Nikarudia, yeye kasimama nyuma yangu. Hakucheka tena.

Maji ya mkondo tuliyakuta hayana neno. Tatizo ni tope. Upande wa juu wa mkondo kuna yadi ya kuvunja betri chakavu za magari, na mvua ikinyesha uchafu wenye risasi unateremka, unazama na kukaa hapo kome wanapokula. Kuchemsha hakusaidii kitu, madini hayafi kama vijidudu. Tulitoa taarifa, na yadi imepigwa kufuli kwa sasa.

Mpwa wako amekuzwa kwa supu ya hao kome, mimi nikiwa kazini. Nilimpeleka kupimwa, na damu yake ina risasi. Daktari anasema si ya kulazwa, ila atafuatiliwa, na huenda masomo yakamwia magumu, maana risasi hudhuru ubongo. Nimeogopa, sikufichi.

Mama nilimweleza jikoni, kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namlisha?" Nikamwambia ni yadi, si yeye. "Yadi haikushika kijiko," akanijibu.

Tangu hapo hapiki. Jana nimerudi nikamkuta mtoto analia njaa, na Mama amekaa kitandani, mikono mapajani. Chakula kilikuwepo, nilikipika mwenyewe asubuhi. Hata kumpakulia hathubutu.

Mimi ananiona ni mtu wa vipimo. Wewe ndiye hakukatalii neno. Ukimpigia, usimkataze kome, ameshaacha, wala usimweleze habari za madini. Muulize tu maharage yake huyaungaje, mwache akuelekeze mpaka mwisho, hata akikugombeza kuhusu chumvi. Kisha mwambie ampikie mtoto hivyo hivyo.

Msalimie sana shemeji, na mjomba ukionana naye. Mungu awafunike huko mliko. Mpwa wako anakusalimu, na anauliza Bibi amemkasirikia nini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Dada Tope