Usije Tena na Tairi Kipara

Upande wa Magunga,
Jumapili, baada ya kanisa

Ouma,

Lililopata pancha ni gari. Miguu yako haikupata pancha. Sasa kwa nini hukushuka ukatembea? Kutoka pale kwenye jiwe kubwa, ng'ambo ya kijito, mpaka mlangoni pangu ni mwendo wa kuivisha sufuria moja ya maharagwe, tena maharagwe mapya ambayo hayasumbui kuni. Umetoka Migori, ukapita Rongo, ukapita Homa Bay, ukala vumbi siku nzima, halafu ukageuza gari mahali ambapo jogoo wangu akiwika unamsikia. Kisha unanitumia kikaratasi kwa mama muuza dagaa wa omena, eti, "Nyanya, gari limeharibika, nitakuja siku nyingine." Siku nyingine ndiyo siku gani? Nimeitafuta kwenye kalenda ya kanisa sijaiona.

Haya, sasa nakusalimu. Hujambo? Mtoto hajambo, ameota jino? Lile paa la nyumba yangu mmelitia nyasi au mnangoja liniangukie nikirudi? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia ambalo limeamua kuwa mzee kabla yangu.

Robi, mke wa mjukuu wangu, yaani mke mwenzangu, najua anayesoma ni wewe, maana huyu mume wetu alikuwa akiona mwalimu anaingia kichakani. Ndiyo sababu naandika Kiswahili. Wewe ni Mkuria, Kijaluo chetu bado kinakuponyoka, na mimi Kiswahili nilikiokota kwenye shamba la katani nilipokaa huko na babu yenu. Madarasa yangu ni yale ya ubatizo tu, lakini herufi zangu zinasimama. Soma polepole. Usiruke mahali ninapomgombeza. Akicheka, rudi mwanzo.

Ouma, nikuambie siku ile ilivyokuwa huku, maana wewe unajua ya upande wa gari peke yake.

Nilikuwa nimefunga mzigo tangu juzi yake. Mbuzi nilikuwa nimemkabidhi jirani yangu, mama Achieng, wote wanne. Nilifagia nyumba. Halafu nikazima moto. Unajua maana yake. Mwanamke hazimi moto wa jiko lake mpaka awe anaondoka. Nikavaa lile gauni la maua, nikatia akala zangu, nikasimama mlangoni.

Nikasikia gari. Huku gari linasikika likiwa mbali sana, kwa sababu hakuna kingine cha kusikia. Nikasema, huyo, mume wangu amekuja. Likanyamaza. Nikasema labda anasalimu watu. Lakini pale jiweni angemsalimu nani, nyani? Nikasikia nyundo, kong, kong, kwa muda mrefu. Kisha gari likanguruma tena. Sasa gari linalokuja sauti yake hunenepa. Hii ilikonda. Ikakonda, ikakonda, ikaisha.

Nilikaa juu ya mzigo mpaka kivuli cha nyumba kikafika ghalani. Yule mama wa omena akaja na kikaratasi chako. Nikakisoma mara mbili, nikafungua mzigo nitoe sufuria, nikaenda kwa mama Achieng kuomba kaa la moto. Mimi, Akumu, ambaye watu wa kijiji kizima huko Migori walikuwa wanaomba moto kwangu. Alinipa kaa, na mbuzi mmoja akanifuata nyuma mpaka nyumbani.

Najua utasema nilikuja mwenyewe huku. Ndiyo. Mbung'o, wale nzi wa malale, walipopungua na bonde likafunguliwa watu walime, baba yako mdogo Owuor akapewa shamba, akaniambia, "Mama, shikilia mavuno mawili tu, nisije nikakuta mtu mwingine amelima." Nimeshikilia mavuno matano. Yeye na mkewe wako Kericho wanachuma chai. Watu wa huku si wabaya, lakini kila mtu ametoka mahali pake, wanaongea Kisuba, wanaongea mengine, na hakuna hata mmoja aliyemjua babu yako. Nikilitaja jina lake wanaitikia kwa adabu tu, kama unavyomwitikia mtu anayekusimulia ndoto. Siku nyingine naongea na jogoo. Amezoea. Sasa Owuor ameleta barua kwamba mama Achieng na mumewe watalilima shamba na kulitunza, kwa hiyo kazi yangu imekwisha. Kilichobaki ni kurudi kwangu.

Basi kesho yake nikashika fimbo, nikaenda pale jiweni kutazama umefanya nini. Ardhi haifichi. Niliona alama ya jeki, imezama kwenye udongo mweusi kwa sababu hukuweka ubao chini yake. Niliona vipande viwili vya tyubu ulivyokata vya kuzibia. Niliona alama za magurudumu, na nikaona za nyuma hazina maua, laini kama mgongo wa kambare. Nikakutukana sana pale peke yangu. Nilikuita majina ambayo Robi siwezi kumwandikia ayasome.

Bado natukana, lori la wale watu wanaofyeka vichaka kuwafukuza mbung'o likafika, likasimama. Dereva wake ni mtu wa pwani anaitwa Juma, Mwislamu, mpole, mvi zimeingia. Alikuwa amekukuta jioni ile njiani unarudi Magunga unakwenda kama kuku mwenye kamba mguuni. Akaniambia matairi yako ya nyuma yalikuwa yanaonyesha nyuzi. Nikamwambia, unaona? Huyo ndiye mjukuu wangu, anaendesha tairi kipara kwenye nchi ya miiba.

Juma akashuka, akainama, akaokota kitu njiani. Akaokota kingine. Miiba mirefu ya mgunga, mikavu, myeupe. Akatazama njia yote kuelekea kwangu.

"Mama," akasema, "nani amekokota matawi humu barabarani?"

"Kwani yamefanya nini?"

"Yamekula matairi mawili ya yule kijana wako, na moja langu."

Ouma, sikiliza sasa. Ni mimi.

Wiki ile kabla hujaja nilikuwa nataka kumwachia mama Achieng boma zuri, fisi wasije wakamaliza mbuzi nimeshaondoka halafu watu waseme mama wa Owuor alituachia uwazi. Nikakata migunga ng'ambo ya kijito, nikafunga kamba, nikakokota tawi moja moja mpaka nyumbani, safari kumi na moja, na goti hili. Nilipita barabarani kwa sababu ndipo palipofyekwa, na vichakani mbung'o wanauma. Huku kila mtu anakokota boma lake barabarani, hakuna anayefikiri. Gari linakuja mara moja kwa mwezi, nani atafikiri habari ya gari? Lakini mimi nilikuwa nalingojea gari. Mimi ndiye niliyepaswa kufikiri. Nilikuwa najiandaa kuondoka, na kila hatua niliyojiandaa nilikuwa nakufungia njia.

Nikamwambia Juma ni mimi. Alivua kofia akajikuna, halafu akasema, "Basi mama, wewe umewashinda hata mbung'o kwa kuzuia watu." Akacheka. Mimi nilichelewa kucheka, lakini nilicheka.

Kosa langu limekwisha kusemwa, sitalisema tena, na usinikumbushe nikiwa kwenye gari. Turudi kwenye kosa lako.

Tairi kipara kwenye lami ya wakubwa linaweza kukuvumilia. Huku haliwezi. Hata bila mimi ungechomwa na mbigili, au ungekatwa na mawe ya pale mteremkoni. Mwambie tajiri wako mwenye duka kwamba kama anataka chumvi yake ifike Magunga, gari livalishwe viatu. Akikataa, mwambie aje aendeshe yeye.

Halafu Juma ameniuliza kama huwa unashuka kukagua matairi njiani. Nimesema sijui, lakini nakujua. Hushuki. Mimi akala zangu ni kipande cha tairi, sivyo? Kila nikifika mtoni nakaa, nageuza mguu, natoa miiba. Kwa sababu mwiba hauingii siku moja. Unashika kwanza mpira wa nje, unatulia kama mgeni, kila ukikanyaga unasogea, mpaka siku unakutana na nyama. Juma anasema gari ni vilevile, mwiba unachukua maili nyingi kufika kwenye tyubu. Ukisimama kumpa mtu salamu, pitisha kiganja kwenye matairi yote manne. Ukigusa kichwa cha mwiba, utoe kwa koleo mapema. Na kama tairi ni la moto mpaka kiganja hakikai, ujue unakimbia sana au upepo umepungua. Mkono wako ni bure, haununuliwi Kisumu.

Upepo wenyewe usiujaze mpaka tairi lilie kama ngoma. Tairi gumu likikutana na jiwe linapasuka. Na usiuache ukapungua hovyo, maana jiwe litabana tyubu kwenye chuma na kuikata mara mbili, kama mtu aliyeumwa na nyoka. Upime asubuhi tairi likiwa baridi. Kwenye mchanga wa kijito punguza kidogo, ukipanda ng'ambo shika pampu urudishe. Utachoka. Choka.

Na ile mitaro ya magurudumu ya lori, usiingie ndani yake ukakaa humo kama treni. Kuta zake za ndani zina mawe, na ubavu wa tairi ni mwembamba kama ubavu wa mtu, ukichanwa hauzibiki kwa kiraka. Endesha juu ya kingo, polepole. Pale jiweni nyasi zimeficha kisiki, kiko upande wa kushoto ukija. Nimekifunga kitambaa chekundu. Mahali usipoona chini, zima gari, shuka, tembea mbele utazame, halafu rudi uendeshe. Na kila baada ya njia mbovu ukaze nati za magurudumu. Juma ameona mtu ambaye gurudumu lilimpita mbele.

Mimi upande wangu nimefanya hivi. Tangu siku ile kila asubuhi nachukua karai na ufagio, nakwenda barabarani. Nafagia hatua kama thelathini, nainama naokota mwiba mmoja mmoja, namwaga kwenye karai, nachoma. Watoto wa shule wanapita wananicheka, wanasema mwanamke mzee anafagia nchi. Nawaacha. Mama Achieng alikuja siku ya tatu bila kuitwa, na ufagio wake. Juzi tumefika kijitoni. Kutoka kijitoni mpaka kwangu unaweza kulaza mtoto pale chini, na sasa tunafagia ng'ambo kuelekea jiweni. Na nimewaambia wote wa upande huu, anayekokota matawi ayabebe juu ya baiskeli au apitie pembeni. Wananiogopa kidogo, basi wamekubali.

Nikuambie neno moja ambalo sikutaka kuliandika. Mvua ya Machi iko karibu, mawingu yanakaa juu ya milima ya Gwassi tangu jana. Udongo huu ukinyeshewa unakuwa uji, na hakuna gari litakaloingia mpaka mwezi wa saba. Mwezi wa saba ni mbali kwa mtu wa umri wangu. Usiku wa juzi kifua kilibana, nikalala nimekaa, nikawaza: nikifia humu, watanizika humu, kwa sababu nani atanibeba kwenye uji? Wataimba vizuri, sikatai. Lakini nitalala kati ya watu ambao hawakumjua babu yako, na yeye huko Migori atalala na nafasi tupu upande wake. Mimi ni mke wa mtu. Nataka kwenda kulala kwangu. Si leo, lakini siku ikifika, iwe kule.

Robi, hapo usilie, endelea.

Ouma, msalimie mama yako, mke wa marehemu mwanangu, mwambie nimemsamehe habari ya kile chungu alichonivunjia. Msalimie dada yangu Adongo, ambaye haoni, umshike mkono unapomsalimia, asidhani ni mtu mwingine. Msalimie yule jirani anayelima mpaka wangu kila mwaka hatua moja, mwambie narudi na macho yangu ni mazima. Mtoto mbusu mwenyewe, Robi, kwenye utosi.

Sasa kazi, Ouma. Kesho yake ukishasomewa haya, kabla ya chai, ng'oa yale matairi ya nyuma. Upate mengine yenye maua, hata yakiwa si mapya. Kabla hujarudisha tyubu popote, tia mkono ndani ya tairi, zungusha polepole, uhisi kama kuna ncha imebaki, maana watu wengi huziba tyubu wakaiacha sindano palepale iliyoitoboa. Beba spea mbili, si moja. Beba gundi, viraka, pampu iliyo nzima na ubao wa jeki. Usinijibu kwa barua, barua ina miguu mifupi, hii yenyewe nimembembeleza Juma aibebe. Toka Migori Alhamisi alfajiri. Lala Homa Bay usiendeshe gizani. Ijumaa mchana nitakuwa nimefunga mzigo, lakini moto sitauzima mpaka nikuone.

Ni mimi nyanya yako, Akumu. Gari likikwama, liache hapohapo, uje wewe.