Mke Mwenzangu wa Kule Baharini

Schaerbeek, Brussels, 11 Mei 1997

Mume wangu Shafii,

Salamu zinatoka kwangu mimi bibi yako, mzima kabisa, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeshakuwa la Kibelgiji: mvua ikikaribia linaniambia kabla ya televisheni. Wewe je? Unakula? Hao Wajapani wanakupa chakula, au wanakuonyesha tu?

Anayeandika ni Rukiya wa ghorofa ya chini. Ametoka kusafisha ofisi kule Schuman, hata koti hajavua. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kupamba.

Picha za safari yako nimeziona, na uliyoandika nyuma yake Rukiya amenisomea. Kusoma sijui, lakini picha najua kuitazama. Bon. Ile nyumba ya ibada ya mbao kule Ise, wanayoijenga upya kila miaka ishirini kando ya ile ya zamani, nimeirudia kuitazama. Kumbe watu wanaweza kubomoa wenyewe, kwa amani, na bado wakakumbuka mlango ulikuwa wapi! Nyumba yetu ya Buyenzi, mtaa wetu wa kule nyumbani, ilibomolewa sisi hatupo. Mimi naijenga kila asubuhi kabla sijatoka kitandani: jiko hapa, mkeka wa babu yako pale, ndagala, dagaa wa kwetu, wanakaangwa, moshi unaingia kwa jirani naye anatukana. Nikifika mlangoni, tramu inapita, yote yanapotea.

Na yale mawe mawili ndani ya bahari, Futami, jiwe mume na jiwe mke, yamefungwa pamoja kwa kamba ya mabua ya mpunga. Wewe umesimama mbele yake, meno yote nje. Lakini chini, karibu na viatu vyako, kuna kivuli cha aliyekupiga picha. Kina kofia pana na sketi.

Ni nani huyo?

Mkeo wa kwanza,
Bibi


Nagoya, 1 Juni 1997

Bibi yangu,

Shikamoo. Niko salama, nakula. Pole na goti, na msalimie Rukiya.

Anaitwa Chizuru. Tunafanya kazi jengo moja. Kwao ni Toba, mji wa pwani karibu na Futami. Bibi yake ana umri kama wako na bado anazama baharini bila chombo chochote cha kupumulia, analeta chaza na konokono wakubwa. Akiibuka anapiga mluzi mrefu, ndiyo pumzi inarudi. Tulimtembelea kwenye kibanda cha wazamiaji. Wanawake peke yao, wazee wote, wanaota moto, wanatukanana kwa kicheko, wanachoma samaki. Moshi uliponipiga usoni nilikuwa Buyenzi, Bibi. Nikatoka nje, nikajifanya natazama mawimbi.

Nataka kumwoa. Habari ya dini tumeizungumza, amekubali twende pamoja kwa imamu. Amenunua kamusi ndogo ya Kiswahili, kila siku ananijaribu neno jipya. Mwezi wa nane nataka kumleta kwako. Bila ridhaa yako sifanyi kitu.

Mjukuu wako,
Shafii


Schaerbeek, 22 Juni 1997

Mume wangu, mwizi wangu,

Habari za huko? Usiulize za huku. Donc, basi nimeachwa! Nimekupikia, nimekuogesha, nimekubeba mgongoni mpaka kiuno kikapinda, leo unaniletea mke wa pili! Mwambie huyo Chizuru kitanda changu hakilaliwi na mtu. Na siku akija nitalala mlangoni, kama bibi zetu walivyolala siku ya harusi, na hapiti mpaka anipe kitambaa changu cha mke mkubwa. Kizuri! Asiniletee kile cha sokoni kinachochuja rangi.

Rukiya anacheka, kalamu imemwanguka.

Mlete, mume wangu. Nimeanza kufua mapazia.

Mkeo wa halali,
Bibi


Nagoya, 15 Julai 1997

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe, leo salamu ni fupi.

Barua yako niliiacha mezani. Chizuru alikuja na kamusi yake, akataka kunishangaza kwa kuisoma mwenyewe. Alipata maneno machache tu: mume wangu, mke wa pili, kitanda changu, mkeo wa halali. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba.

"Una mke Brussels?"

Nikamwambia ni bibi yangu.

"Bibi gani anamwita mjukuu wake mume?"

Bibi, nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu. Amerudi Toba, simu hapokei. Kwako nitakuja peke yangu, au nisije kabisa. Nifanye nini?

Shafii


Schaerbeek, 27 Julai 1997

Mwanangu Chizuru,

Hujambo? Bibi yako hajambo, na pumzi zake? Rukiya anaandika maneno mafupi, herufi kubwa, ili kamusi yako isichoke.

Tazama kwanza picha niliyotia ndani ya barua hii. Huyo mzee mwenye meno manne ndiye mke wa Shafii. Ni mimi. Mwingine hakuna. Kama umeniogopa, asante, ni zamani sijaogopwa.

Kwetu bibi anamwita mjukuu mume. Ni utani wa kupendana. Lakini kwa Shafii kuna zaidi. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, akakataa kula. Nilibembeleza, nilifoka, wapi! Mwisho nikakaa chini na sahani, nikamwambia: "Mume wangu, usipokula, na mimi mkeo sili." Akanitazama. Akaona kweli nina njaa. Akala, ili na mimi nile. Tangu siku hiyo namwita hivyo, ajue nyumbani kuna mtu anamngoja.

Sasa nimechoka kumngoja peke yangu. Njoo tusaidiane.

Bibi wa Schaerbeek


Schaerbeek, 29 Agosti 1997

Mume wangu,

Mwezi wa nane unaisha. Mapazia nimeyafua tena. Sikuulizi kitu. Kula.

Bibi


Toba, 6 Septemba 1997

Mke mwenzangu mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Goti lako zima? Kiswahili changu kidogo. Shafii anataka kusaidia, nimemfukuza nje.

Barua yako nilisoma polepole, siku nyingi. Picha nilimpa bibi yangu. Alitazama sana. Alisema: "Mwanamke huyu anajua kushika pumzi." Halafu aliniuliza: "Na yule kijana, huko Nagoya, anakula?" Sikujua. Nililia. Nilimpigia simu.

Jana Futami walibadilisha kamba ya mawe. Ya zamani imechoka, wanakata. Mpya ni nzito, watu wengi wanashika pamoja. Shafii alishika, mimi nyuma yake. Bua moja lilibaki kwenye nguo yangu. Liko ndani ya barua hii.

Kitambaa chako kipo. Ni cheupe, wanawake wa hapa wanafunga kichwani wakizama. Bibi yangu ameshona nyota juu yake. Uzi unaanza, unazunguka, unarudi mahali pale pale. Ni kwa sababu wanataka kurudi juu, nyumbani.

Tunakuja mwezi wa kumi na mbili, wote wawili.

Tafadhali, lala mlangoni.

Mke mwenzako mdogo,
Chizuru