Vidonge Ulivyomtumia Mama

Mahongole,
S.L.P. 213,
Makambako.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Joackim,

Kamwene! Habari za Bukoba? Wifi Jasmine na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, mvua ipo, na baridi yetu unaijua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu, nawe ungenifokea kabla sijamaliza.

Kaka, mama ameponea chupuchupu. Tulikuwa tunachimba viazi, ghafla akaketi juu ya tuta, uso umepauka, jasho linamtoka. Kumbe alikuwa anapata choo cheusi kama lami na hakumwambia mtu!

Tulimkimbiza hospitali akaongezewa damu, kisha tukampeleka hospitali ya Ikonda kwa kipimo cha kamera. Ana vidonda mwanzoni mwa utumbo, na chanzo ni vidonge vyako vya maumivu ya magoti. Vidonge vile vile tunavyovipokea stendi kwa shangwe!

Daktari alinichorea. Mimi nilidhani utumbo ni bomba tu. Kumbe ndani una utando wa seli hai, kaka! Zipo zinazotoa ute wa kuukinga. Nyingine zimejificha chini kwenye vishimo vidogo, zinaua vijidudu. Humo humo kuna seli mama zinazozaa mpya. Nyingi hupanda juu, zikijifunza kazi njiani, na baada ya siku chache huchakaa na kubanduka, nyingine zikashika zamu. Yote hayo tumboni mwetu, na sisi tumekaa tunapiga soga! Vidonge vile vimeudhoofisha ulinzi huo, na tindikali ikapata pa kuchoma.

Najua utasema ulituagiza ameze baada ya kula. Daktari alimuuliza hilo, mama akajibu bila kupepesa macho, "Nakula kwanza, mwanangu." Anakula nini? "Ulanzi." Unatujua, kaka: kwetu pombe hiyo ya mianzi, ikinywewa asubuhi, ni uji. Sote tulimwona akishushia nayo vidonge, na hakuna aliyeshtuka. Daktari alishika kichwa.

Seli mama bado zinazaa. Akiacha vidonge na ulanzi, na kutumia dawa alizopewa, utando utajijenga upya. Akirudia, daktari anasema huenda tusimuwahi tena.

Sasa sikia. Jana nimekuta pakiti nzima ameifunga kwenye pindo la khanga. Nimemsihi, nimelia, mchungaji naye amemsihi. Hatoi. Anasema, "Joackim amenunua kwa jasho lake, siwezi kutupa. Nitampa mwenyewe mkononi." Na magoti yanamuuma, kaka. Namwona anavyolipapasa lile fundo la khanga.

Mjomba Aron na shangazi Lucia wanakusalimu sana. Mungu akulinde njiani, maana usinijibu kwa barua. Panda basi. Hakuna mwingine ambaye mama atampa vidonge hivyo.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja stendi,
Esnath