Uzi Mweusi wa Aline

Mama,

Tangu tukuzike sijakaa kwenye mtambo wako wa kufumia ila kwa kazi moja: kitambaa cha rafia cha harusi ya Aline. Ulikuwa umekwisha kufuma nusu. Zilibaki nyuzi nyekundu za pindo, na mdogo wangu hataki rangi ya dukani.

Nilichemsha magome ya mti wa mukula, yale ya rangi nyekundu, kama ulivyonifundisha, moto mdogo, chungu kimefunikwa. Nyuzi zikatoka nyeusi. Nyeusi kama masizi, Mama. Shangazi zetu walizishika, wakatazamana. "Marehemu anakatala ile ndoa," akasema mkubwa wao. Tangu siku hiyo hawataki hata kumsikia Kasongo, mchumba wa Aline. Aline mwenyewe hali chakula.

Nami nilijua sababu, nikawaficha. Siku ya kilio wamama walikosa maji ya kuoshea masufuria, na ni mimi niliyewaonyesha pipa lako la maji ya mvua. Likaisha, nami nyuzi nikazichemsha kwa maji ya kisima. Ulinionya mara ngapi? "Maji ya kisima inaharibishaka rangi, mutoto yangu. Hapa Musonoi iko na mawe ndani." Nilikucheka. Nikakuuliza hiyo kemia ulisomea wapi. Naona haya hata kuiandika.

Kiangazi hiki mvua haipo. Nikamwendea Kasongo, anayeendesha lori la mahindi, nikamwomba maji ya mto kutoka Lubudi. Sikumweleza sababu, naye hakuuliza. "Leta bidon, yaya," akasema, akiniita dada kama Aline aniitavyo. Alirudi Jumanne na madumu mawili yamejaa, akayabeba mwenyewe toka barabarani mpaka jikoni.

Nikachemsha upya. Ikatoka nyekundu yako, ileile. Nilikaa chini nikalia mpaka moto ukazimika.

Bado sijawaambia shangazi. Nikikiri, watasema nilichezea kazi ya marehemu, na pengine huu mtambo watampa mwingine. Naogopa, Mama, sikufichi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na anayeumia ndani yake ni Aline.

Pumzika sasa. Nakuahidi, Jumapili wakikutana nitaweka nyuzi zote mbili mbele yao. Nitawaambia: hii nyeusi ni kosa langu mimi. Na hii nyekundu, maji yake ameyabeba yule mnayesema Mama amemkataa.

Mwanao,
Odile