Nilimwambia Lena ni Upepo

Mama Benedikta, shikamoo. Nakusoma kila wiki gazeti likifika dukani Dongobesh, sikuwahi kufikiri na mimi nitakuandikia, ila sasa nimekwama, nisaidie kabla ya Jumamosi. Majina yote nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, tunalima mahindi na maharage hapa Maretadu, naishi na mume wangu Tomaso, baba mkwe wangu Mzee Nikolausi, na shemeji yangu Clement ambaye bado hajaoa. Mwezi wa pili tulipokea binti kutoka Ujerumani, Lena, ana miaka ishirini na moja, amekuja kujitolea mwaka mmoja kwenye shule ya chekechea, akapangiwa kukaa kwetu, na mama yake alinipigia simu ya video, maneno yake sikuelewa hata moja, lakini aliweka mkono kifuani akalia, na mimi nikalia, tukawa tumeelewana.

Lena ni mtoto mzuri, anaamkia wazee, anakula makande bila kununa, amenizoea mpaka ananiita mama. Tatizo lilianza siku ya kwanza alipofua. Alianika nguo zake za ndani kwenye kamba ya uani, mchana kweupe, na baba mkwe wangu huwa anakaa palepale akiota jua, na wewe unajua mambo ya mkamwana na mkwewe, mimi hata kupita mbele yake bila kujifunga khanga siwezi, sasa nitaanzaje kuzungumzia zile nguo, na binti mwenyewe niliona nikimwambia atadhani tunamwona mchafu, basi nikanyamaza, nikawa akishaenda shule nazianua haraka naziingiza jikoni, natundika juu ya moto, zikikauka nakunja nazirudisha kitandani kwake. Zilikuwa zinanuka moshi lakini alizivaa hivyohivyo.

Wiki tatu zilizopita kamba niliyozitundikia jikoni ilikatika, zikaangukia pembeni, pale ndama anapofungwa humohumo jikoni, na mimi kutoka shambani nakuta ametafuna mbili. Nikazificha kwenye debe. Jioni Lena akaniuliza, "Mama, nguo zangu ziko wapi?" Nikamwambia labda ni upepo. Akanitazama, akasema, "Upepo unachukua nguo za ndani tu, mama?" Nikajifanya nachochea moto.

Tangu siku hiyo amebadilika. Nguo anaanika chumbani, chumba anakifunga kwa kufuli, na akiingia kulala nasikia anasukuma meza mlangoni. Clement alikuwa akimsaidia kubeba ndoo za maji, sasa Lena akimwona tu anarudi ndani. Juzi Julius, mratibu wa hao vijana wanaojitolea, amenipigia akaniambia kwa upole kwamba binti anahofia kuna mwanaume hapa nyumbani anayechukua nguo zake, kwa hiyo Jumamosi anakuja kumhamisha. Clement hajui lolote, anadhani labda alimkosea kwa neno. Nikisema ukweli nitaonekana mwizi na mwongo, na mkwe wangu atajua ni kesi ya nguo gani. Nifanyeje?

Mama wa Maretadu

MAMA BENEDIKTA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nilicheka nilipofika kwa ndama, halafu nikafika kwenye ile meza mlangoni, kicheko kikaniishia.

Mwizi wewe si mwizi. Ulitaka kumsitiri binti na kumheshimu mkweo, na nakuelewa. Mimi pia nimekuwa mkamwana, huko Balangdalalu, na masika nzima nilivaa chupi mbichi kwa sababu sikujua pa kuianika. Ndiyo, chupi. Nimeitaja na gazeti halijaungua.

Lakini mwongo ni wewe, hapo sikufichi. Msichana yuko mbali na kwao, nguo zake za ndani zinapotea kwenye nyumba yenye wanaume, unataka afikiri nini? Wewe ungefikiri nini? Amefanya vizuri kumwambia mratibu, na usije ukamnunia kwa hilo. Clement naye umempaka matope asiyoyajua. Unaogopa aibu ya dakika kumi, na wenzako wanaingia wiki ya nne wakiteseka kwa ajili yako.

Jumamosi ni mbali. Leo akirudi shule mwite jikoni, ninyi wawili tu, toa hilo debe, mpe mkononi hivyo vitambaa vilivyotafunwa, na neno lako la kwanza liwe "ni mimi", kabla hujafika kwa mkwe, kamba wala ndama. Ukianza na maelezo atadhani kuna mtu unamkinga. Ukimaliza, mwombe msamaha, kisha mpe khanga umfundishe tunavyoanika sisi, nguo chini, khanga juu, kwenye kamba ya nyuma ya nyumba ambayo Tomaso ataifunga leo leo. Somo hilo lilikuwa la siku ya kwanza, na chai isingewahi kuchemka kabla hujalimaliza.

Mpigie Julius wewe mwenyewe, kazi hiyo usimwachie Lena. Clement mwambie kila kitu, naye umwombe radhi. Mzee Nikolausi mwache na jua lake. Nina hakika alishaziona siku ileile ya kwanza, akageuza kiti.

Na akiamua kuhama hata baada ya kusikia ukweli, msaidie kufunga sanduku, mfungashie na maharage, usimlilie ili abaki. Hofu aliyolala nayo wiki tatu haitoki kwa mazungumzo ya jioni moja, na ana haki ya kuchagua mahali pa kulaza kichwa chake.

Ila isome tena barua yako. Jioni ile alikuwa ameshaanza kutokukuamini, na bado alikuita mama, mara mbili. Nenda ukamjibu kama mama.