Shangingi Lililoegeshwa Mteremkoni

Mjomba Festo,

Kuanzia Makambako mpaka Songea hakuna injini ya dizeli inayoweza kunidanganya. Naisikia ikikohoa barabarani nikiwa bado nakunywa chai, na nakutajia kinachoiuma kabla sijameza. Hata wewe leo ukifufuka utakuja gereji kuniomba kazi, na nitakufikiria, maana uzee ulishaanza kukuingia masikioni.

Kamwene, Mjomba. Ni miezi miwili tangu tukuzike Uwemba. Mimi ni yuleyule mpwa wako niliyeishia darasa la sita, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Nakuandikia habari ya lile shangingi, lile gari kubwa la kifahari la Alhaji wa Makambako. Ulisema tukitaka kuzungusha wageni, wale Wazungu wanaopanda Kitulo kutazama maua, tusiwapakie kwenye pikapu ya viazi. Siku hizi za ruksa kila mtu ana gari, ulisema, lakini mgeni atarudi kwa yule aliyemkalisha vizuri. Sawa. Ila hela zilikuwa za mbao za shamba la bibi, na miti ile tumeshaikata yote. Nikikosea gari, mimi na bibi tumerudi kwenye jembe.

Na wewe mwenyewe nilikuwa sikuamini. Nasema wazi, umeshakufa, utanifanya nini? Mara tatu ulipanda lori kwenda Makambako kulitazama, mara tatu ukarudi unanukia sabuni, mikono safi, tumbo limejaa pilau la Alhaji. Fundi gani anatoka kukagua gari na mikono safi? Nikajisemea, hapa pana cha juu. Mjomba kapewa chake pembeni, na mimi ndiye ninayeuzwa.

Wiki iliyopita Alhaji akalileta Njombe mwenyewe. Kanzu, na juu ya kanzu masweta mawili, na bado anatetemeka. Nikalizunguka. Jeupe, viti vya ngozi, vioo vinapanda kwa kubonyeza, na kiyoyozi. Kiyoyozi, Mjomba! Njombe hii! Lakini limeegeshwa wapi? Mteremkoni. Na wewe ulinifundisha, "Ukiona muuzaji kaegesha mteremkoni ili gari liwake kwa kuserereka, muulize stata yake ilikufa lini." Nikamuuliza vilevile. Akanitazama kwa huruma. "Kijana wangu, Njombe hii tambarare nitaitoa wapi?"

Nikampeleka uwanja wa mpira. Nikamwambia azime, tusubiri lipoe. Tukasubiri mpaka mzee wa watu akaomba aingie akae ndani, meno yanagongana. Nikawasha. Likaitika mara moja. Moshi haukuwa wa bluu wala mweusi. Nikafungua kifuniko cha oili, nikakigeuza juu ya tundu lake injini ikiunguruma, nione kama kitarushwa, maana injini iliyochoka hukirusha. Kikatulia tuli. Hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Gari zima namna hii linauzwa kwa nini?

Nikatazama miguuni. Mita inasema halijatembea sana, lakini mipira ya pedali ni mipya kabisa. Ahaa! Mtu habadilishi mipira isiyolika. Nikamwambia Alhaji nimemkamata. Hakukasirika hata kidogo. "Ile ya zamani ililika kwa viatu vya dereva wangu, na hiyo mipya kaiweka mjomba wako. Alisema una mguu wa haraka, usije ukateleza."

Nikacheka kwa dharau, nikaingia uvunguni.

Mjomba.

Kila nati ina nukta nyekundu. Ile rangi ya kucha uliyokuwa ukiinunua sokoni na kuificha mfukoni watu wasikucheke. Ukikaza nati unaipaka, ili akija mtu kuifungua ajulikane. Shafti, springi, breki, mpaka zile za tangi ambazo hata mimi bingwa huwa naziruka. Nimelala pale kwenye nyasi zenye umande nazihesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Alhaji akainama akaniambia ulikuwa ukishinda chini ya gari lile kutwa nzima, kisha unaomba maji na sabuni, kwa kuwa hukutaka kushika sahani ya mwenye nyumba kwa mikono yenye grisi.

Nimelinunua. Juzi nimewapeleka wageni wa kwanza. Mmoja alitapika kwenye kona za Ipelele, lakini nje, ngozi ipo salama. Bibi alikaa siti ya mbele nikamzungusha mjini, akapiga vigelegele mpaka sokoni. Siku hizi anafunga mkanda hata gari likiwa limezimwa.

Basi lala, Mjomba wangu. Nakuahidi, nati yoyote nitakayoigusa nitaipaka, na hiyo rangi nitainunua mchana kweupe, acha wacheke. Na nitaegesha tambarare, nikiipata.

Gari halina kasoro. Kilichoharibika ni ile siku ya mwisho kukuona, Tandala, hospitalini. Sauti ilikuwa imekuisha, ukaniambia, "Chukua la Alhaji, nimeshalipitia." Nami nikainama, nikakuuliza sikioni Alhaji amekupa kiasi gani. Ukageukia ukutani. Nikadhani ni aibu ya mtu aliyekamatwa, nikatoka kuwahi lori, sikukuaga.