Moshi wa Siku ya Mgeni

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia linatabiri mvua kuliko redio. Mimi mzima, na ofisi nzima, isipokuwa lifti, ambayo imekufa tena. Napanda ngazi hadi ghorofa ya tano, na nikifika sina pumzi ya kumsalimu mtu.

Nina ombi. Serikali imeitaka taasisi yetu ipime moshi wa matanuri ya mikate yanayotumia kuni. Ripoti itakwenda kwa kamati ya bunge ya nishati, na kamati ndiyo itakayoamua kama matanuri hayo yaendelee au yafungwe. Tunatafuta waokaji watakaotukubalia, na mimi nimelitaja tanuri lako. Sikufichi: vipimo vikiwa vibaya, linaweza kufungwa pamoja na mengine.

Watakuja wenzangu wawili Jumanne ijayo, fundi wa vipimo na dada mmoja mkemia. Mimi siruhusiwi, mtu hapimi tanuri la shangazi yake. Watasimamisha kisanduku karibu na mlango wa tanuri na kingine uani. Vinavuta hewa tu, haviumi. Wewe oka kama kawaida.

Mwanao,
Bi Maswali


15 Februari

Bi Maswali,

Marahaba. Goti limepokea salamu, linasema lisingeweza ngazi zako hata kwa ahadi ya pepo. Hapa tu wazima. Mrefu, mchochea moto wangu, anakohoa kila asubuhi, lakini huyo nimemzoea, ndiye jogoo wetu.

Wageni wako walikuja. Watu wa adabu. Fundi alivua viatu mlangoni, nikamwambia avae, hapa ni mahali pa moto. Kisanduku chao kinakoroma kama babu yako akishashiba. Mkemia akaniuliza, "Mama, moshi huwa unakusumbua?" Nikamjibu, "Moshi upi?" Akatazama juu, akatazama pembeni, hakuona wa kunionyesha. Waliondoka na mikate ya moto kwapani na sifa tele mdomoni. Usiwe na wasiwasi na tanuri letu. Hukuniaibisha, nami sikukuaibisha.

Na wewe lini? Mara tatu umeniandikia kwamba unakuja, mara tatu nimetandika shuka jipya, mara tatu nimelikunja. Limechakaa kwa kukunjwa, halijalaliwa.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole na mvua. Natumaini paa la uani limestahimili. Mimi sijambo, ila kichwa kinaniuma, na sababu ni wewe.

Vipimo vyako vimerudi. Matanuri mengine yote tuliyopima yanatoa moshi wa kutisha. Lako halitoi karibu chochote. Lina umri mkubwa kunizidi, linakula kuni zilezile, na kwa mujibu wa kisanduku, hewa ya humo ndani ni safi kuliko ya barabarani kwetu. Mkurugenzi aliniita akaniuliza kama shangazi yangu anaoka mikate au anaichora. Kisha akauliza, kwa upole, kama nilikwambia la kufanya.

Sikukwambia. Lakini kipimo kisichoelezeka hutupwa. Chako kikitupwa, yanabaki matanuri mabaya peke yake, na kamati itayafunga yote, na lako likiwemo. Kwa hiyo nakuuliza kama mhandisi, si kama mtoto wa kaka yako: kabla ya wageni kuja, ulifanya nini?

Mwanao,
Bi Maswali


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sina jibu lako bado. Jirani yako muuza vitambaa ameniambia kwenye simu kwamba u mzima na unamfokea kila mtu, nikashukuru kwa la kwanza.

Rasimu ya ripoti iko tayari. Inapendekeza matanuri yote ya kuni yafungwe ifikapo mwisho wa mwaka. Kipimo chako hakimo. Jina langu limo. Sikutaka uyasikie kwa mwingine.

Mwanao


9 Aprili

Wewe,

Marahaba ya nusu. Goti baya, roho mbaya zaidi.

Unaniuliza nilifanya nini. Nilifanya alichofanya mama yangu na mama yake. Niliambiwa wageni wanakuja, nikasafisha. Ulitaka wakute masizi yananing'inia kama popo? Mrefu alipanda juu ya paa, akashusha mnyororo ndani ya bomba la moshi, akalikwangua mpaka likapumua. Kuni mbichi za uani nikaziacha. Nikatoa zile za stoo, zilizokauka msimu mzima chini ya bati, ambazo huziweka kwa dharura. Moto sikuuwasha kwa mifuko ya plastiki kama siku zote, maana mgeni hafukizwi plastiki. Mlango wa tanuri, ambao una ufa tangu uko shule, nikauziba kwa udongo.

Uliniambia nioke kama kawaida. Kawaida ni kwa watu wa nyumbani. Kama kumpokea mgeni vizuri ni hila, basi baba yako na mimi tumelelewa na wahalifu, na wewe ni mjukuu wao.

Mkitaka kufunga, fungeni. Lakini mje mfunge wenyewe, msitume karatasi. Na mniambie siku, nifagie.

Shangazi yako, bado


17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na ile nusu nyingine ya marahaba naiomba. Goti na roho vipate nafuu vyote viwili.

Nimefanya jambo bila ruhusa yako. Niliisoma barua yako kwenye kikao, kwa sauti, kuanzia masizi hadi wahalifu. Walicheka mpaka mkurugenzi akavua miwani. Kisha fundi wa vipimo akaacha kucheka. Akasema, "Jamani, hii si hitilafu. Huyu mama ametufanyia jaribio."

Elewa kilichotokea. Sisi tulipima matanuri kama yalivyo, tukahitimisha kwamba tanuri la kuni ni baya. Hatukupima tanuri lilelile katika hali mbili. Wewe umetupa hali moja, ya siku ya mgeni. Sasa tunahitaji ya pili, ya siku ambayo hakuna mgeni. Mkurugenzi ameisimamisha rasimu na kuiomba kamati itungoje.

Watakuja tena. Siku sikwambii, nawe usiniulize. Ninachokuomba ni kigumu, najua: usifagie.

Mwanao,
Bi Maswali


21 Juni

Bi Maswali,

Marahaba kamili. Goti limenyamaza, nasi sote tu wazima, na hapo kwenye "sote" nina habari, ngoja nifike.

Hujui mateso uliyonipa. Kila gari likisimama nje, mkono unaenda kwenye ufagio, Mrefu ananishika: "Mama, serikali imekataza." Muuza vitambaa akawa anapita kusudi kunitazama nikiteseka.

Wakaja asubuhi moja, kuni zina maji, plastiki inanuka, bomba limejaa. Mkemia aliingia, akatoka, akaingia tena na kitambaa puani. "Mama," akasema, "ndiyo huu moshi niliokuuliza." Niliona aibu mpaka kwenye kucha. Fundi yeye alikuwa anashangilia kisanduku chake kama mtu aliyefunga goli.

Kisha wakakaa. Siku nyingine kuni kavu peke yake. Siku nyingine kuni kavu na bomba lililokwanguliwa. Siku nyingine na ufa umezibwa. Unajua mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi sina shamba, nikampa fundi unga akande. Mikono ana, akili ya unga hana.

Sasa habari. Tangu waondoke sikurudi kwenye plastiki wala kuni mbichi. Nilikuwa naogopa watarudi, si kingine. Wiki hii nilichelewa kuamka, na nilikasirika, nikatoka kumtafuta jogoo wangu. Nikamkuta Mrefu anachochea moto, anaimba vibaya sana. Hajakohoa. Nilidhani kile kikohozi ni chake, kama urefu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema atakuja na kisanduku.

Kwa hiyo pimeni, na mwandike mlichokiona, hata kama kinanifunga. Ila nataka kujua.

Shangazi yako


30 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Msalimie Mrefu, na umwambie aendelee kuimba. Mimi mzima sana, na lifti imepona.

Kamati ilikaa jana. Tulirudia jaribio lako kwenye matanuri mengine yote, na jibu likaelekea kulekule, ingawa hakuna lililofikia usafi wa lako: kuni kavu, bomba safi na mlango uliozibwa vinapunguza moshi kwa zaidi ya nusu. Nusu si yote, na hilo nililisema wazi. Unaobaki bado ni mwingi kwa mapafu ya mtu anayesimama hapo kila siku. Mwenyekiti akauliza, "Mhandisi, tufunge au tusifunge?" Nikamjibu, "Msifunge. Anzeni na usafi sasa hivi, plastiki marufuku, kisha wapeni miaka mitatu wajenge matanuri mapya yanayobana moshi, na taasisi iwasaidie kujenga."

Wamepitisha hivyo. Tanuri la mfano litajengwa kwako, ukikubali. La zamani litaendelea kuoka mpaka jipya liwake. Wakaguzi watapita bila taarifa.

Kwenye ripoti tulihitaji jina la zile hali mbili. Fundi aliandika "hali ya kawaida" na "hali ya mgeni", nasi tukashindwa kupata bora. Kwa hiyo sheria inasema kila tanuri la kuni lifanye kazi katika hali ya mgeni, siku zote. Mbunge mmoja aliuliza nani kabuni msemo huo. Nikasema ni mwoka mikate mmoja, mkali kidogo.

Mwanao,
Bi Maswali


11 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine juu yake. Goti linatabiri jua.

Mrefu amesomewa barua yako, kisha akaomba asomewe tena ile sehemu yake. Tanuri jipya nimekubali. Fundi wenu wa vipimo alipita, nikamwonyesha mahali. Anataka kulijenga upande wa upepo, mimi nataka lionekane kutoka barabarani, tutabishana akirudi. La zamani siku ya kulizima nitalizoa majivu mwenyewe, maana limetulea wewe na mimi.

"Mkali kidogo" nimeiona. Tutaizungumza.

Sasa sikiliza. Sheria yenu inaniamuru niishi kila siku kana kwamba mgeni yuko mlangoni. Nimetii. Bomba safi, uani safi, na shuka jipya nimelitandika, safari hii silikunji. Huna tena sababu ya kuniandikia kwamba unakuja, kisha uniandikie kwamba huji. Njoo kama wakaguzi, bila taarifa.

Barua hii usiijibu. Ukiijibu nitajua bado uko huko.

Shangazi yako